Tinti ya vioo vya mbele: kaboni 35, kaboni 50, seramiki 70 au nyavu? (Premio, njia ya Arusha–Moshi)

Mzee wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Premio ya Japani. Vioo vya nyuma vimekuja na giza lake, vya milango ya mbele ni vyeupe kabisa. Inatoka Njiro asubuhi kwenda Moshi na kurudi jioni, siku tano kwa wiki, na jua linachoma mkono wa kulia. Fundi kataja kaboni 35, kaboni 50 na seramiki 70. Mama watoto anasema ninunue nyavu za kivuli za kuning'iniza dirishani tu, yaishe. Kipi hakiniletei maneno na trafiki, na usiku pale USA River bado namuona bodaboda asiye na taa?

Kioo Safi
Mkuu, anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, VLT, ni asilimia ya mwanga unaopita kwenye karatasi ya tinti peke yake. Kioo nacho kina makato yake. Kioo cheupe cha mlango hupitisha kama asilimia 78, kwa hiyo unazidisha:

seramiki 70 inakuachia 55
kaboni 50 inakuachia 39
kaboni 35 inakuachia 27

Ukitaka kubaki na 70, kioo na karatasi vikipimwa pamoja, tafuta karatasi ya 90. Hiyo 70 ndiyo kiwango cha Japani na Uingereza kwa vioo vya milango ya mbele, na ndiyo maana gari zetu zinafika nyeupe mbele, nyeusi nyuma. Weusi wa nyuma si karatasi, ni rangi iliyo ndani ya kioo chenyewe. Kwaruza kwa wembe, hakitoki kitu. Kwa hiyo fundi akikushawishi abandike 20 juu yake "ili ilingane", kataa. Kioo cha 25 kikivaa karatasi ya 20 unabaki na 5, na kurudi rivasi usiku kwa 5 ni kupapasa.

Dereva Boma
Mnatisha watu bure. Gari ngapi zinapita Kikatiti zina 20 mbele na hakuna anayezisimamisha? Weka 50, tembea.

Binti Kibosho
Kaka, kupita siyo kuruhusiwa. Sheria inayotuhusu ni ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na anayekusimamisha ni askari aliyepo barabarani, siyo fundi wa California unayemwona kwenye video. Huko Marekani kwenyewe kila jimbo lina namba yake. Mzee, kabla karatasi haijakatwa pita ofisi ya trafiki uulize kuhusu vioo vya milango ya mbele peke yake. Ukiuliza "tinti" kwa jumla utajibiwa habari za vioo vya nyuma. Halafu risiti ya fundi iandikwe aina ya karatasi na namba yake, ikae ndani ya gari.

Ila trafiki siye shida kubwa ya kaboni 35. Shida ni saiti mira. Kioo cha pembeni unakitazama kupitia dirisha la mlango, kwa hiyo ukifika njia panda usiku, pikipiki inayokuja nyuma yako unaiona kwa robo ya mwanga wake. Jaribu hivi: omba kipande cha karatasi cha ukubwa wa daftari, kishike kwa selotepu upande wa ndani wa kioo, pale macho yanapoelekea saiti mira. Saa mbili usiku kaa kwenye usukani mahali pasipo na taa za barabarani, mtu avuke nyuma ya gari amevaa nguo nyeusi. Kwa 50 utamtafuta. Kwa 35 utamkosa.

Mhandisi Sakina
Naongezea upande wa joto, maana giza na joto ni vitu viwili. Karibu nusu ya nishati ya jua inakuja kama miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Karatasi inaweza kuwa nyeusi tii na miale hiyo ikapita.

Karatasi ya rangi tupu ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Jua likiipata vizuri inageuka zambarau, kisha inatoa malengelenge. Ya chuma inarudisha joto, lakini inasumbua mtandao wa simu na ramani ya setilaiti. Kaboni haipauki na inapendeza, ila inafanya kazi kwa kunyonya joto: kioo kinapata moto na sehemu ya moto huo inarudi ndani. Gari likitembea, upepo unapoza kioo. Kwenye foleni ya Kijenge mkono utahisi. Seramiki inazuia infraredi bila kuhitaji giza, na hilo ndilo unalolipia.

Tahadhari na ile taa ya joto ya kuonyeshea dukani. Muuzaji anaweka mkono wako nyuma ya karatasi, unahisi baridi, anakwambia "inazuia asilimia 95". Hiyo ni infraredi peke yake, mara nyingi kipande chake tu. Muulize TSER, yaani jumla ya nishati ya jua inayozuiwa. Seramiki 70 nzuri inacheza kati ya 40 na 50. Karatasi ya rangi ya 35 nayo inaishia karibu na 40 au chini, pamoja na giza lake lote!

Kipimo cha nyumbani: funika pua ya rimoti ya televisheni kwa kipande cha hiyo tinti, rudi hatua tano. Televisheni ikiitika kama kawaida, hiyo "seramiki" itilie shaka, maana rimoti inatumia infraredi.

Na mkono unaungua hata siku ya kibaridi kwa sababu ya miale ya urujuanimno (UV). Kioo kikuu cha mbele kina tabaka la plastiki katikati linaloizuia karibu yote. Kioo cha mlango hakina. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kila mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Karatasi nzuri, hata ya 90, inazuia asilimia 99 ya urujuanimno, kwa hiyo huhitaji giza kuokoa ngozi.

Mzee wa Njiro
Aisee. Na nyavu?

Binti Kibosho
Nyavu ni nzuri kwa gari lililoegeshwa au mtoto aliyekaa nyuma. Mlango wa dereva zinafunika saiti mira. Mama yuko sahihi kwa madirisha ya nyuma tu.

Mhandisi Sakina
Kabla hujalipa, tazama jua lenyewe linatoka wapi. Kuanzia Machi hadi Septemba liko kaskazini yetu, na ukirudi Arusha jioni kaskazini ndiyo mkono wako wa kulia. Kuanzia Novemba hadi Januari liko kusini, linakukamata ukielekea Moshi. Hapo karatasi ya mlango inasaidia mwaka mzima. Lakini jua la machoni, asubuhi ukielekea mashariki na jioni ukielekea magharibi, linapita kioo kikuu, na kile usikitie giza. Kisafishe upande wa ndani. Ule utando wa mafuta ya dashibodi ndio unaotawanya mwanga.

Kioo Safi
Sasa kazi yenyewe, maana seramiki nzuri ikibandikwa chini ya mti kando ya barabara ya vumbi ni hasara. Milango miwili ya mbele inakula kama mita 2 za rola ya upana wa sentimita 76. Chumba kifungwe, sakafu imwagiwe maji. Swichi za vioo zifunikwe taulo, maji yakiingia humo utanunua swichi. Raba za mlango zisafishwe kwanza. Punje moja ya mchanga ikibaki mle, kila ukishusha kioo inachora mstari wa wima kwenye karatasi mpya.

Kioo kinalowekwa kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto kwa lita moja, kinapitishwa wembe mpya kikiwa kimelowa, kinakamuliwa kwa raba ya kufutia maji, kisha vyote vinarudiwa. Karatasi inakatwa na kunyooshwa kwa hewa ya moto upande wa nje. Ndipo inaingizwa ndani, na maji yanakamuliwa kutoka katikati kwenda kingo. Ukingo wake wa chini uzame ndani ya raba ya mlango karibu sentimita moja. Fundi akiikata sawasawa na raba, itaanza kubanduka hapo hapo.

Usishushe kioo siku 4. Kwa kibaridi cha Juni na Julai hapa Arusha, fanya 7. Moshi inakauka mapema. Ukungu na vipovu vya maji vitaondoka vyenyewe ndani ya wiki chache. Punje ya vumbi na mkunjo haviondoki, virudishe siku hiyo hiyo. Kufuta, tumia kitambaa laini na maji ya sabuni, siyo dawa ya vioo yenye amonia.

Chaguo langu kwako: seramiki 90 mbele kama trafiki wanataka weupe, seramiki 70 kama wamekubali 55. Kaboni 35 iache.

Dereva Boma
Haya, nimeelewa hiyo ya saiti mira. Mimi nina ya rangi, imeshakuwa zambarau. Inatokaje bila kuacha gundi?

Kioo Safi
Mvuke au hewa ya moto, mkuu. Pasha kona ya juu, ivute taratibu ikiwa ya moto, karatasi ikielekea chini. Ukivuta kwa pupa inachanika na gundi yote inabaki. Gundi iloweke kwa maji ya sabuni dakika kumi, halafu wembe kwa mlalo. Hiyo ni kwa milango. Kioo kikubwa cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu, wembe usiguse: mvuke, sabuni na kitambaa tu, hata kama itachukua mchana mzima.