Mkimbiaji wa pwani kwenda Iten wiki nne: damu, chakula, kasi na siku ya kushuka

Kocha_Raskazone

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi, si wa "nenda tu, atazoea".

Mwanariadha ni wa kiume, miaka 23, kilo 56, amekulia Tanga na hajawahi kukaa sehemu ya mwinuko. Mita 10,000 anakimbia 29:40. Kwa wiki anafanya kilomita 130, kasi yake ya tempo (mbio za kasi ngumu lakini anayoimudu kwa muda mrefu) ni 3:10 kwa kilomita. Kuna nafasi ya kambi ya wiki nne Iten, Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha arudi kukimbia nusu marathoni Dar es Salaam. Vipimo vya juzi: hemoglobini 13.6, ferritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) 19.

Je, apande na ratiba ileile? Ale nini? Na ashuke siku ngapi kabla ya mashindano? Kuna wanaosema ashuke siku mbili kabla, kama Wakenya wanavyofanya.

---

Maabara_Moshi

Mkuu, ratiba na ugali vitasubiri. Kwa ferritini 19, mimi nisingempandisha bado.

Kule juu asilimia ya oksijeni ni ileile 20.9, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: Iten unabaki karibu robo tatu ya ule wa Tanga. Figo zikihisi upungufu huo zinamwaga homoni ya EPO ndani ya saa chache, nayo hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Hiyo ni amri tu. Kiwanda ni uboho wa mifupa, na malighafi yake ni madini ya chuma. Akiba ikiwa haba, amri inatoka na damu haitengenezwi. Kijana anakaa wiki nne akihema, anarudi na kiasi kilekile cha hemoglobini pamoja na uchovu. Wataalamu wengi wa michezo wanataka ferritini isiwe chini ya 35 au 40 kabla ya kupanda.

Kwanza tafuta kwa nini imeshuka. Kwa mtu wa pwani, pima choo uangalie minyoo ya safura, maana ukimpa vidonge huku minyoo inanyonya, unajaza pipa lililotoboka. Pima malaria. Na tafadhali pima selimundu: mwenye kinasaba kimoja anaweza kuishi Tanga bila dalili yoyote, lakini mwinuko ukichanganyika na mazoezi makali unaweza kumletea maumivu makali ya bandama, hata kuanguka ghafla.

Sababu ikishatibiwa, daktari akiridhia, aanze vidonge wiki nne hadi sita kabla ya safari. Kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti cha mg 200 kina chuma halisi mg 65 hivi. Dozi iwe moja kwa siku, asiigawe mara tatu. Ini hutoa hepsidini, inayofunga mlango wa chuma utumboni, nayo hupanda saa tatu hadi sita baada ya mazoezi makali na pia baada ya dozi yenyewe. Kwa hiyo ameze asubuhi, mara tu amalizapo kukimbia, kwa maji ya machungwa. Jioni baada ya mazoezi ya pili ni kupoteza dawa.

Akipima tena, asipime siku iliyofuata mazoezi magumu wala akiwa na homa. Ferritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe, utadhani akiba imejaa kumbe sivyo. Na asikubali dripu ya chuma ya mtaani: sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinakataza kuingiza mishipani zaidi ya ml 100 ndani ya saa 12, isipokuwa ni matibabu halali ya hospitali au ana kibali maalumu, hata kama kilichomo kwenye chupa ni halali.

Jambo jingine linalodanganya makocha: akipimwa siku ya nne Iten, hemoglobini inaweza kuonekana imepanda kutoka 14 hadi 15. Hiyo si damu mpya. Siku za mwanzo mwili hupoteza maji ya damu, hivyo iliyopo imekolea tu. Ongezeko la kweli huja polepole, takriban asilimia 1 kwa kila saa 100 za kukaa juu. Wiki nne ni saa 670 hivi; zikienda vizuri, tarajia hadi asilimia 6 hivi.

---

Mwalimu_Keiyo

Naunga mkono hoja ya damu. Mimi nizungumzie mazoezi, kwa sababu hapa ndipo wageni huharibikia. Anafika Jumatatu, Jumanne yuko uwanjani na wenyeji, Alhamisi anaingia kwenye fatleki (mbio za kubadilisha kasi) ya kundi kubwa, wiki ya pili anakohoa na miguu imekuwa mbao.

Siku saba hadi kumi za kwanza: mbio nyepesi peke yake, na kilomita zipungue kwa robo, yaani kutoka 130 hadi 100 hivi. Nyepesi maana yake aweze kuongea sentensi nzima, hata kama saa inaonyesha 5:00 au 5:20. Barabara za Iten hazina tambarare ya maana, kwa hiyo asiangalie saa, aangalie pumzi. Mara mbili kwa wiki amalizie na mbio fupi za mita 100, mara nane, kasi nzuri bila kukaza, apumzike hadi pumzi irudi. Hizo zinalinda kasi ya miguu bila kumchosha.

Wiki ya pili ikiisha ndiyo tempo ianze, na si kwa 3:10. Kwa urefu huu mgeni hupoteza kama sekunde 10 hadi 15 kwa kilomita kwenye tempo. Aanze na 3:22 hadi 3:25, dakika 20, kisha afike dakika 35 wiki ya nne. Akilazimisha 3:10, hiyo si tempo tena. Ni mashindano anayokimbia kila wiki.

Uwanjani afupishe vipande. Badala ya 8 × 1000, afanye 12 × 400 kwa sekunde 70 hadi 72, mapumziko sekunde 90. Kipande kifupi kinaisha kabla deni la oksijeni halijamzidi, hivyo anapata kasi halisi ya 10,000. Kocha, hili lina sababu: mtu anayekaa juu akikimbia polepole kwa mwezi mzima anarudi na damu nzuri na miguu mizito. Ndiyo maana jaribio la watafiti Levine na Stray-Gundersen la 1997, la kulala mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250, lilileta faida kubwa zaidi kwenye mita 5,000 kuliko kukaa na kukimbia juu tu. Hapa kwetu njia ya kushuka ni Bonde la Kerio, ila ni joto na mteremko ni mkali kwa magoti. Mara moja kwa wiki kwa gari inatosha, kama gari lipo. Zile kilomita 21 za kupanda barabara ya Fluorspar kutoka bondeni aziache kwa wenyewe.

Kila asubuhi kabla hajashuka kitandani apime mapigo ya moyo. Siku za mwanzo kuzidi ya Tanga kwa mapigo 5 hadi 10 ni kawaida. Siku ya kumi yakiwa bado juu, na usingizi mbovu, punguza tena. Homa ndani ya wiki mbili za mwanzo msiite "baridi ya Iten": ametoka pwani, apimwe malaria siku hiyohiyo.

---

Sahani_Kamili

Kocha, ugali hauna uchawi. Mwaka 2004 Onywera na wenzake walichapisha vipimo vya chakula cha wakimbiaji 10 mahiri wa Kenya waliokuwa kambini, siku 7 mfululizo. Asilimia 76.5 ya nishati ilitoka kwenye wanga, karibu robo ikiwa ugali na karibu moja ya tano sukari, nyingi ya kwenye chai. Watu hunukuu hapo wakaishia. Wanaruka sehemu ya pili: walikula kilokalori 2,987 kwa siku na kutumia 3,605. Walikuwa na upungufu, na uzito ulishuka kidogo. Usiufanye huo kuwa mfano kwa mgeni ambaye mwili wake unahitaji kujenga damu.

Hesabu ya kijana wako. Kilo 56, mafuta asilimia 8, uzito bila mafuta ni kilo 51.5. Zidisha kwa kilokalori 45 kwa kilo, unapata 2,320. Ongeza kilomita 18 za siku, takriban kilokalori 1 kwa kilo kwa kilomita, ni 1,000 nyingine. Jumla 3,300. Akibakiwa na chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo isiyo ya mafuta baada ya kutoa mazoezi, homoni zinashuka, mifupa inapasuka nyufa, na hata damu haiongezeki.

Kwa vyakula: unga g 400 kwa milo miwili (wanga g 300), mkate slesi nne, maziwa nusu lita, viazi vitamu g 300, sukari vijiko vinane kwa siku. Hapo wanga ni kama g 480. Maharage kikombe kimoja yaliyopikwa, mayai mawili, nyama g 100, na protini inafika g 110. Maharage yasikosekane, kwa kuwa mahindi yana upungufu wa lisini (kijenzi cha protini) na maharage yanaijaza. Jumla bado ni 3,100 hivi, kwa hiyo karanga g 50 kabla ya kulala zinaziba pengo.

Shida itakuwa tumbo. Mwinuko hukata hamu ya kula, na unga huo ukipikwa unazidi kilo moja. Kama amezoea wali, ale wali, wanga ni uleule. Siku ya tempo atumie sembe, si dona: nyuzinyuzi nyingi zitamtia choo njiani, na dona pia hushika chuma.

Sasa chai. Pale juu chai ya maziwa ni baada ya kila kitu, na ndiyo adui wa kidonge. Akirudi mbioni: kidonge, maji ya machungwa, viazi vitamu. Chai isubiri saa moja kamili. Nyama au maini ale mchana na sukuma wiki na limao, chai isiwepo mezani.

---

Kocha_Raskazone

Nimewaelewa, nitasogeza kambi mbele hadi ferritini ipande. Lakini suala la kushuka mmelipitia juu juu. Siku mbili au la?

---

Maabara_Moshi

Siku mbili ni kwa mtu aliyezaliwa juu na anayekwenda London au Berlin kwenye baridi. Wako anashuka Dar, na tatizo la Dar ni joto na unyevu. Akishatoka wiki nne za ubaridi wa Iten, hata uzoefu wake wa joto la Tanga umeyeyuka, na kuurudisha kunahitaji siku 10 hadi 14.

Ashuke siku 14 hadi 16 kabla. Damu aliyojenga bado ipo wakati huo. Siku ya tatu hadi ya kumi wengi huhisi miguu mizito, kwa hiyo hakuna kazi ngumu hapo: dakika 60 hadi 75 nyepesi kila siku, saa kumi alasiri, kwenye joto. Siku ya 11 arudie tempo kwa 3:10. Hemoglobini ikipimwa wakati huo itaonekana imeshuka, msishtuke: joto linaongeza maji ya damu, ndicho tunachokitaka.

---

Mwalimu_Keiyo

Nyongeza ya siku yenyewe. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, ale saa 9 usiku: mkate mweupe na asali, chai nyepesi, wanga g 100 hivi. Kwa dakika 66 hahitaji jeli nyingi, wanga g 30 hadi 40 kwenye kinywaji zinatosha, anywe kidogo kidogo kuanzia kilomita ya 5 asisubiri kiu. Kinywaji hicho akijaribu angalau mara tatu kwenye tempo za Tanga. Na kilomita tano za kwanza aende 3:12. Ametoka kwenye hewa nyepesi, 3:05 itamjia kama matembezi, na joto litamdai kuanzia kilomita ya 14.