Waswahili wa Jengo la Amma, Chennai

*Jumapili, 12 Januari 2025*

19:04 Neema: Jamani, habari za jioni. Amma ameniuliza tena: Jumanne tunakuja wangapi? Anapima mchele mpya. Naomba majina kabla ya saa nne usiku.

19:06 Neema: Pongal yenyewe, sikukuu ya mavuno ya Watamil, ni Jumanne asubuhi. Chungu kinainjikwa uani, kimefungwa mche wa manjano shingoni. Maziwa yakifurika ndipo watu wanapaza sauti "Pongalo Pongal!" Mwaka jana tulifika yameshafurika. Amma alisema si kitu, lakini uso wake niliuona.

19:31 Neema: Mmesoma wote. Kimya.

19:40 Kevo: Mimi nipo. Nyama itakuwepo?

19:41 Neema: Hakuna nyama Kevo. Ni wali wa choroko na sukari guru, samli, iliki na korosho. Na Jumatano ni siku ya ng'ombe, wanaogeshwa, wanapakwa rangi pembe na kuvikwa mashada. Usithubutu kuulizia nyama ya ng'ombe mbele ya Amma.

19:43 Baraka: Jumatano hata mabucha yanafungwa, ni siku ya Thiruvalluvar, mshairi wao wa kale.

19:44 Kevo: Wueh! Basi Alhamisi twende Alanganallur kwenye jallikattu, ule mchezo wa mafahali, tukadandie nundu ya fahali.

19:44 Juma: Wewe uliyemkimbia mbwa wa Amma? 😂😂

19:45 Kevo: Yule mbwa ana nia mbaya

19:47 Baraka: Huo mchezo si wa utani. Mahakama ya Juu iliupiga marufuku 2014, na Januari 2017 vijana walijaa ufukweni Marina mpaka sheria ikabadilishwa.

19:48 Juma: Kevo hata kwa sheria hashiki kitu 😂

19:50 Neema: JAMANI. MAJINA. Na mchango ni rupia 200, kesho naenda sokoni Koyambedu kununua miwa na ndizi.

20:15 Mama Rehema: Na za mwaka jana? Tulichangia sari ya Amma. Sari sijaiona mpaka leo.

20:16 Baraka: Mama Rehema, hilo tulishalizungumza.

20:17 Mama Rehema: Mlizungumza nyie wawili kwenye ngazi.

20:19 Baraka: _Ujumbe huu umefutwa_

20:21 Neema: Tuyaache hayo leo tafadhali. Kesho ni Bhogi, siku ya kabla ya Pongal, alfajiri watu wanachoma vitu vikuukuu barabarani. Anueni nguo usiku huu. Halima, funga madirisha, hiyo pumu yako moshi hauitaki.

20:30 Halima: Asante dada. Nina swali. Chakula kinatolewa kwa jua kwanza. Sisi Waislamu tufanyeje? Sitaki kumvunjia Amma heshima.

20:52 Bi Zuhura: Wanangu. Mzee wangu alipolazwa hapa, huyu mama alinipandia ngazi kila asubuhi na uji wa mchele wa moto. Hata jina langu alikuwa halijui. Nimeshaongea naye. Wakati wa ibada yao nitakaa barazani na tasbihi yangu. Wali wa chumvi na pilipili manga ameniwekea ahadi ya kunipakulia jikoni kabla hawajaanza. Halima, utakaa na mimi. Baraka, ile sari utampelekea kwa mkono wako mwenyewe, Jumanne hiyo hiyo.

20:53 Halima: Shikamoo Bibi. Nitakuja.

20:55 Juma: Shikamoo Bibi

21:10 Baraka: Nimesikia Bibi.

21:12 Neema: Asante Bibi. Wengine? Viatu vinabaki nje. Ile michoro ya unga wa mchele mlangoni msiikanyage, anaichora kabla jua halijachomoza, mgongo ukimuuma. Tunakula kwenye jani la mgomba, mkono wa kulia. Ukishiba, likunje kuelekea kwako.

22:40 Kevo: Nije na mgeni?

22:41 Neema: Mgeni gani?

*Jumatatu, 13 Januari*

06:12 Mama Rehema: Nitakuja. Mchango baada ya kuiona sari.

06:20 Neema: Nani atanisaidia kubeba miwa? Ni mirefu, haiingii kwenye bajaji. Juma, pikipiki yako?

07:55 Juma: Haina mafuta dada

08:03 Neema: Amma yuko mlangoni. Nimemwambia tisa.

08:30 Kevo: Kumi.