Naomba ushauri: fremu ya kaboni au alumini kwa gari la kasi la toleo dogo?

Ndugu zangu, salaam. Nasoma uhandisi wa mitambo nchini Uingereza, na kazi yangu ya kuhitimu ni kusanifu gari la barabarani lenye kasi ya juu kabisa, litakalotengenezwa kwa idadi isiyozidi magari 100.

Mfano wangu mkuu ni McLaren F1, gari la kasi lililosanifiwa na mhandisi Gordon Murray, ambalo yalitengenezwa magari 106 tu. Kinachonivutia zaidi ni nidhamu ya uzito: fremu ni ya nyuzi za kaboni, dereva anaketi katikati, na chumba cha injini kimepambwa kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, si kwa urembo bali kwa kurudisha joto la injini ya BMW yenye silinda 12. Mwaka 1998 lilifikia takriban kilomita 386 kwa saa bila tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Bugatti Veyron ililipita baadaye, lakini kwa tabo 4 na uzito wa karibu kilo 1,900, njia ambayo binafsi siipendi.

Msimamizi wangu ananihimiza niongeze nguvu. Mimi nashikilia wepesi. Je, kwa magari machache hivyo, ni busara kugharamia kalibu na tanuri la mgandamizo la kuokea kaboni, au fremu ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, kama ya Lotus Elise, itahimili injini kubwa bila kujipinda kwenye kona? Waliowahi kuzishika kazi hizi kwa mikono yao, naomba sana mnielekeze.