Naombeni ushauri: FLAC, AAC au MP3, ipi ina sauti kali kwa muziki wa baa?

Mtoto wa Igoma (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, kazi yangu ni kukusanyia watu nyimbo za baa na maharusi. Kuna mteja ana baa huku Kirumba, kafunga spika mpya, anataka muziki wa kiwango cha sidii. Nyimbo ni kama elfu sita: bongo fleva, rumba, singeli na za asili za Kisukuma. Kati ya aina hizi za mafaili ya muziki, FLAC, AAC na MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ipi kali? Anazitaka Ijumaa kwenye flashi. Usingizi sina. Nawasilisha, matusi hapana.

Sato Mbichi:
Siti ya mbele.

Fundi Spika:
FLAC haipotezi kitu. Sidii inakwenda kilobiti 1,411 kwa sekunde; FLAC inazikunja hadi nusu hivi, ukizikunjua unapata zilezile. MP3 na AAC zinatupa sauti ambazo sikio lingezikosa hata zingekuwepo. AAC ilikuja 1997, na kwenye kilobiti ndogo kama 128 huwa inaishinda MP3. Ila MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri, wengi wetu ukitupigia bila kutuambia ipi ni ipi, hatuitofautishi na sidii. Sasa tuambie, hizo nyimbo umezitoa wapi?

Mtoto wa Igoma:
Vyanzo tofauti mkuu. Tubaki kwenye mada.

Mama Kulwa:
Mmenikumbusha kanda za kwaya za marehemu baba. Kijana wangu alizihamishia kwenye kompyuta, akazisafisha ule mvumo wote, na pumzi za waimbaji zikaenda nao. Nikamwambia rudisha mvumo wangu. Hizo FLAC sizijui, ila usisafishe sana mwanangu.

Dagaa Mkavu:
Saa sita usiku pale Kirumba nani anasikia kilobiti? Weka hata 64, ongeza besi, bia zitaisha.

Fundi Spika:
Mleta uzi, nauliza tena. Zilikuwa za aina gani kabla hujazigusa?

Mtoto wa Igoma:
Haya. Nyingi ni MP3 za 128, za kushusha mtandaoni na za kwenye memori kadi za washkaji. Nimeshazigeuza zote kuwa FLAC, na zile za mwanzo nimezifuta maana nafasi ilikuwa imejaa. Advansi nimepokea. Lakini wakuu, wimbo wa dakika nne ulikuwa MB 4, sasa una MB 25. Ubora umekosekanaje hapo? Mteja katamka FLAC kwa mdomo wake, na FLAC ndiyo nampa.

Mjukuu wa Ukerewe:
Kaka, hiyo ni dhuluma. Umechukua hela ya mtu kwa maneno ya kona kona. Mwite umwambie kabla ya Ijumaa.

Fundi Spika:
Kilichotupwa kwenye 128 hakirudi. FLAC imekutunzia kwa uaminifu kabisa faili lililoharibika, basi. Fungua wimbo mmoja kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, angalia picha ya masafa: kwa 128 mara nyingi juu ya kilohezi 16 hivi, kwenye sauti nyembamba kabisa, ni giza tupu. Halafu sikiliza matoazi ya rumba. Ule mlio wa "tsss" unayumba na kukatika kana kwamba mpigaji yuko chini ya maji. Kwenye redio ya bodaboda hutausikia. Kwenye spika mpya utakuumbua. Na asicheze kwa bluetooth, huko sauti inabanwa upya.

Dagaa Mkavu:
Ngojeni kwanza. Nyimbo 6,000 mara MB 25 ni GB 150. Flashi gani hiyo? Na mwezi jana si wewe uliyekuwa unauza injini ya mtumbwi humu? Wakuu, hii chai.

Sato Mbichi:
Sukari iko wapi?

Mtoto wa Igoma:
Flashi ni tatu, za GB 64 kila moja. Injini ilikuwa ya shemeji. Mwenye shida ya kweli humu hasikilizwi.

Dagaa Mkavu:
Tatu mara 64 ni 192, haya hesabu inakubali. Picha ya flashi basi.

Mtoto wa Igoma:
Picha siweki. Huyo bosi anapitaga humu.

Mzee wa Mwaloni:
Nami ndiye huyo bosi. Nimesoma yote.

Mtoto wa Igoma:
Bosi shikamoo. Naomba tuyaongee pembeni, nitarudisha hata nusu ya advansi.

Mzee wa Mwaloni:
Marahaba. Mimi nauza dagaa, baa sina. Nilitaka kujua kama ni chai. Si chai.

Sato Mbichi:
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂

Mama Kulwa:
Mzee, umemtisha mtoto wa watu.

Fundi Spika:
Tuache utani. Chagua nyimbo zinazopigwa kila wikiendi, hizo nunua upya, sidii au FLAC ya halali. Za asili za Kisukuma, wafuate wenye studio zao wakupe nakala ya kwanza. Zilizobaki mwambie ukweli kuwa ni za kawaida, na bei ishuke.

Mtoto wa Igoma:
Nimekuelewa mkuu. Na hizi FLAC nikizigeuza kuwa MP3 za 320 je?

Fundi Spika:
Mama Kulwa, hebu endelea na zile kanda za kwaya.