Nakusanya sarafu za zamani miaka 19 sasa, mke wangu kaniuliza napata nini nimeshindwa kumjibu. Naombeni ushauri

Habari za jioni wakuu. Hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili hii kwahiyo naombeni ushauri wa kweli.

Nina miaka 43, naishi Dodoma ila kwetu Tabora. Ilianza bibi yangu mzaa mama alipofariki, wajukuu tukagawana vitu vyake, wenzangu wakachukua vitenge na masufuria mi nikabaki na senti kumi ya mkoloni yenye tundu, alikuwa kaitunga kwenye kamba moja na funguo ya sanduku lake. Tundu limezungukwa na meno ya tembo. Nikawa natembea nayo mfukoni, afu siku moja nikamkuta muuza vyuma chakavu ana nyingine kama ile nikanunua, basi tangu hapo mpaka leo zimefika 214, zimejaa makopo manne ya maziwa.

Mwezi uliopita wakaja watu wawili usiku wanaulizia rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya enzi za ukoloni wake, eti ikivuta punje za mchele kama sumaku wana mteja wa mamilioni. Sijui nani kawaelekeza kwangu. Watoto walikuwa ndani, mke wangu aliogopa sana. Walipoondoka akaniuliza kwa upole tu, baba watoto, hivi vyuma unapata nini humo, huuzi, huvai, wala havinunui hata kiberiti. Nilikaa kimya na ndo kinachoniuma, miaka 19 sina jibu. Je niuze? Na nyie mnaokusanya vitu, raha yake iko wapi hasa?

mkulima_halisi: Uza mkuu. Amani ya nyumba kwanza.

Fundi Saa: Usiuze kwa hasira, na hao wa mchele wakirudi toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, ni matapeli hao. Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni fedha isiyofika gramu 12, haivuti mchele wala sumaku. Ya thamani kubwa ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ilitengenezwa hapohapo kwenu Tabora 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama elfu 16 tu, sasa mtu akikuambia anazo ishirini kwenye begi ujue ni nini hicho.

Raha yake kwa upande wangu, hivi unajua neno hela tumelipata kwa Mjerumani? Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. Siku niliposhika heller yenyewe mkononi nikaona neno nalolitamka kila siku lina uzito, lina kutu, nilikaa nayo mpaka usiku. Nachokwambia ni hicho, sina kingine.

Mama Wawili: Kaka yangu mi nitasema kama mwanamke. Nina kanga doti 60 na kitu, nusu yake sijawahi kuzikata. Mume wangu nae aliuliza hivohivo. Nikamfungulia sanduku nikamwambia hii jina lake lilinichekesha siku nina msiba, hii kisutu alinipa mama siku ya harusi, hii nilimzidi jirani kuiwahi dukani. Hakuuliza tena. Mkeo hajakuuliza kwa ubaya, hajawahi kusimuliwa tu, anachoona ni makopo na watu wa usiku. Mtu havutwi na chuma wala kitambaa, anavutwa na siku alipokipata. Na kile ambacho bado hajakipata ndo kabisa! Mimi kuna kanga moja naitafuta mwaka wa nane huu, naamini siku nikiipata nitalia.

Dada wa Kilwa: Angalizo. Kama una za shaba za masultani wa Kilwa usinunue wala kuuza kiholela, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Za Mjerumani na Mwingereza ni za baada ya hapo. Ila hizo zetu zilitembea jamani, 1944 askari mmoja aliokota tano kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia.

Fundi Saa: Pia toa kwenye makopo, zinasuguana. Weka kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi uandike umeipata wapi na lini. Usisafishe kwa ndimu, majivu wala dawa ya mswaki, unaiua. Alafu ile ya bibi ni ya mwaka gani? Kama ni 1936 soma jina la mfalme.

Mwanzisha uzi: Nimerudi wakuu, asanteni sana, hasa Mama Wawili. Jana umeme ulikatika, nikatandika mkeka nikamwaga kopo la kwanza tukiwa wote. Binti yangu kaikuta senti hamsini yenye sungura hataki kuiachia. Mke wangu kashika tochi ya simu tukasoma ile ya bibi, ni 1936, imeandikwa EDWARDVS VIII. Yule mfalme wa Uingereza, Edward wa Nane, hakumaliza hata mwaka kwenye kiti! Najua zilitengenezwa nyingi na bei yake sio kubwa lakini nimekaa nayo miaka 19 sijawahi kusoma jina. Mke wangu akaniuliza bibi aliitungia nini, tukaongea mpaka mshumaa wa pili. Taarifa kwa mwenyekiti nimetoa, na kuanzia leo sarafu hazilali nyumbani, shemeji yangu ana sefu ofisini kwake.

Tumepanga za 1966, samaki, mbuni, sungura na mwenge, zipo zote. Kwenye senti kumi ya pundamilia ya 1977, ile yenye kingo za mawimbi, mke wangu kaacha bahasha tupu kaiandika kabisa. Mwenye nayo anicheki PM.