Kufunga shokapu ya kutuliza injini nyumbani

Swali: Ndugu mafundi, ninapokanyaga mafuta kwa ghafla injini huinama na kugonga. Je, nikijifungia mwenyewe shokapu ya kutuliza injini, tatizo litakwisha?

Jibu: Kagua kwanza mauntingi za injini, yaani vishikizo vyenye mpira vinavyoishikilia injini kwenye bodi, kwa sababu mpira ukiwa umechanika, shokapu hiyo itabeba mzigo usioihusu na bolti zake zitalegea mapema.

Jibu: Naafiki kabisa. Mauntingi zikiwa nzima, ifunge kati ya injini na bodi, fimbo yake ikiwa katikati ya mwendo wake wakati injini imetulia, ili iweze kusogea pande zote mbili. Mimi niliifunga ikiwa imebanwa hadi mwisho, na usukani ukawa unatetemeka hata gari likiwa limesimama.

Muulizaji: Asanteni. Nimemulika kwa tochi, nikaona ufa mrefu kwenye mpira wa mauntingi ya nyuma; nitaanza na huo.