Mzee alikuwa MP vita ya Kagera: nianzie wapi kuandika maisha yake?

Mwana_Isevya (Tabora)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mzee wetu hapa Isevya alikuwa polisi jeshi, MP, kwenye vita ya Kagera ya 1978–79, Tanzania dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Alipotoka jeshini akawa mlinzi wa maghala ya tumbaku. Ukoo unataka maisha yake yaandikwe angali ana nguvu za kusimulia, lakini ukimuuliza vita ilikuwaje anajibu "tulipiga, tukarudi", basi. Karatasi zake ziko kwenye bahasha moja: cheti cha jeshi kimeanza kukatika kwenye mikunjo, picha nne zimegandana, na jina la kwenye cheti halifanani na la NIDA (kitambulisho cha taifa). MP alikuwa anafanya nini hasa vitani? Mzee aulizwe nini, na hizo karatasi tuzifanyeje?

Njiapanda_ya_Kyaka

Mkuu, usimuulize vita, muulize barabara. Askari wa miguu anakumbuka mapigano, MP anakumbuka njia panda, madaraja, magari na watu waliokuwa wanapita.

Anza naye stesheni ya Tabora. Hapo reli ya kati inagawanyika, njia moja Kigoma na nyingine Mwanza, na jeshi lilitegemea sana hiyo ya Mwanza kupeleka watu na vifaa kabla ya kuvuka ziwa kwenda Bukoba. Muulize alipanda behewa gani, alipewa kazi gani njiani, walishukia wapi. Kisha mpeleke Kyaka, kule Kagera. Daraja la mto Kagera lilivunjwa na majeshi ya Amin tarehe 3 Novemba 1978, kwa hiyo kuvuka kurudi ng'ambo kulihitaji madaraja ya muda, na daraja la muda halifanyi kazi bila MP.

Kazi yenyewe iko hivi. Magari yanasubiri mbali na kingo za mto, yametawanywa chini ya miti. MP wa upande huu anaita gari moja moja, wa upande wa pili anaashiria likishatoka. Dereva anaingia na gia nzito, habadilishi gia wala kukanyaga breki akiwa juu ya daraja, maana mshtuko wa breki unasukuma daraja zima. Gari lenye uzito kupita ule ulioandikwa kwenye kibao cha daraja linarudishwa, hata kama aliyekaa mbele ana nyota begani. Panapoharibika ni pale dereva anapomfuata mwenzake kwa karibu, mizigo miwili ikakaa juu ya kipande kimoja, au foleni inapobanana ukingoni na ndege ikaja. Sasa muulize: ulisimama upande gani? Usiku uliashiria kwa kitu gani, tochi au kitambaa? Nani alikataa kukutii? Hilo la mwisho ndilo litamfungua mdomo.

Usiruke mapigano ya Lukaya, huko Uganda, Machi 1979. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Gari likifa pale hakuna pa kulizungukia, linasukumwa majini au msafara mzima unalala.

Mwanga_Kigoma

Naongezea upande wa mateka, maana wengi wanausahau. Mateka anapokamatwa ananyang'anywa silaha, anapekuliwa, maofisa wanatengwa na askari wa kawaida, kisha wote wanarudishwa nyuma haraka, mbali na risasi. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 analazimika kutaja jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa tu. Vitu vyake binafsi na nishani anabaki navyo. Pesa zake hazichukuliwi ila kwa amri ya ofisa, na lazima apewe risiti. Aliyekuwa anasimamia hayo kwa kawaida ni MP, kwa hiyo muulize aliandika wapi majina, kwenye daftari au karatasi iliyofungwa kwa mateka. Majeshi yetu yaliwashika Waganda na hata Walibya, huenda akakumbuka lugha waliyoelewana nayo.

Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, ila askari wetu waliendelea kukaa Uganda hadi 1981. Kwa hiyo ukikuta cheti kinaonyesha 1980 bado yuko huko, si kosa la mwandishi. Miaka hiyo kazi ya MP ilibadilika: kuzuia uporaji, na zaidi ya yote kuwadhibiti askari wenzao. Hapa nenda taratibu. Akinyamaza, badilisha swali, usimrudishe kwa nguvu. Rekodi dakika 40 au 50 kwa kikao, asubuhi, simu iwe juu ya kitambaa mezani isichukue mtetemo, na majina ya mahali umwombe ayaandike mwenyewe.

Fundi_Nyaraka_TBR

Karatasi kwanza, mahojiano baadaye. Karatasi haisubiri.

Cheti: USIKIPITISHE kwenye mashine ya plastiki (lamination). Joto na gundi havitoki tena, na ofisi ikitaka kuangalia muhuri au maandishi ya kalamu haitaweza. Kilaze kwenye karatasi nyeupe safi, kandamiza chini ya vitabu siku mbili tatu, kisha kiskani dpi 600 kwa rangi, mbele na nyuma. Mikunjo usiibandike selotepu, inageuka njano na kula wino. Hifadhi ndani ya bahasha kwenye sanduku la bati lenye kifuniko, lisiguse ukuta wala sakafu. Mchwa wa Tabora unaujua.

Picha zilizogandana usizivute. Zipige picha kama zilivyo, hasa migongo, kwa sababu yale maandishi ya kalamu nyuma (tarehe, majina, mahali) ndiyo yatakayofutika kwanza ukijaribu maji. Baada ya hapo mpe mtu anayejua picha za zamani.

Jina: ni hati ya kiapo mbele ya hakimu, au wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Yaandikwe majina yote KAMA YALIVYO kwenye kila nyaraka, makosa na yote, pamoja na namba yake ya jeshi inayoanza na MT na namba ya NIDA, kisha tamko kwamba ni mtu mmoja. Kosa la kila siku ni kuandika jina la cheti likiwa limesahihishwa herufi. Hapo kiapo kinakuwa hakihusu cheti chochote.

Mnyanyembe_1

Msisahau miaka ya uraiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza huku kwetu Unyamwezini na Usukumani, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Muulize kama aliitwa kuwafundisha vijana, na kama aliona mtuhumiwa anapigwa alifanya nini. Mtu aliyezoea kumkabidhi mateka akiwa hai alikuwa na la kusema kwenye mkutano wa namna hiyo.

Mwana_Isevya (Tabora)

Ahsanteni sana wakuu. Jioni hii nimemuuliza swali la nani alikataa kumtii darajani. Ameanza kucheka, akaomba kiti kisogezwe nje. Ameongea hadi saa nne usiku, na bado hatujavuka mto.